Nilishuka kwenye lori mwaka 2018, sasa nataka kurudi na langu mwenyewe

Barua

Mshauri, salamu kwako na kwa wote walioko barabarani.

Niliendesha malori ya masafa marefu hapa Marekani kwa miaka 11, minne ya mwisho nikiwa na kichwa changu mwenyewe chini ya kampuni. Mwanzoni mwa 2018 nilikiuza nikaingia kazi ya ghala. Sasa watoto wamekua, ghala limepunguza saa, na usukani unaniita.

Leseni yangu inaonyesha Class A, daraja la malori yenye trela, na inaisha 2027. Cheti cha daktari kiliisha 2019, sikukihuisha kwa kuwa sikuwa naendesha. Natumia dawa ya presha. Mimi ni raia, sijawahi kufeli kipimo cha dawa za kulevya, na ajali sina.

Nina akiba ya dola 41,000. Nimepata Freightliner Cascadia ya 2016 yenye maili 718,000, muuzaji anataka dola 32,000 na ananibana nilipe dipoziti ifikapo Ijumaa. Kuna watu wananishauri nifungue MC yangu, yaani mamlaka ya kubeba mizigo kwa jina langu, moja kwa moja. Kampuni moja inanipa asilimia 75 ya mzigo nikiingia na lori langu. Nyingine inasema nije mikono mitupu, wanipe lori la kodi-ununue bila dipoziti wala kuangalia historia ya mkopo. Mke wangu anauliza swali moja tu: tukishanunua lori, tutaishi na nini? Sina jibu.

Nianzie wapi, na nini kimebadilika tangu niache?

Mrudia Usukani, Indianapolis

Jibu

Ndugu yangu, nitaanza na swali ambalo hukuuliza, kwa kuwa ndilo litakaloamua mengine: je, bado una CDL, leseni ya udereva wa magari makubwa ya biashara?

Ile kadi ya plastiki usiitegemee. Mtu aliyejiandikisha kuendesha kati ya jimbo na jimbo akiacha cheti cha daktari kiishe, jimbo linatakiwa kuishusha CDL yake ndani ya siku 60. Barua ya kumjulisha mara nyingi huishia kwenye anwani ya zamani au kwenye rundo la matangazo. Leseni inabaki mfukoni na maandishi yale yale, huku kwenye kompyuta ya jimbo yeye ni dereva wa gari dogo. Ukikamatwa nayo kwenye mzani, kosa ni la kuendesha bila CDL, na hilo litakufuata miaka. Basi kabla ya hatua nyingine yoyote, omba rekodi yako ya udereva kwenye ofisi ya leseni ya jimbo, isome mwenyewe, tafuta mistari miwili: hali ya CDL na hali ya cheti cha afya. Ukikuta imeshushwa, uliza wanataka nini ili kuirudisha. Kuna majimbo yanayotosheka na cheti kipya, na mengine, muda ukiwa umepita sana, yanakurudisha kwenye mtihani wa maandishi na wa barabarani. Yale mafunzo ya lazima yaliyoanza tarehe 7 Februari 2022 ni ya wanaochukua CDL mara ya kwanza. Wewe uliipata kabla ya hapo, hayakuhusu. Shule ikikuambia sheria inakulazimisha kulipia kozi nzima, inakuuzia usichodaiwa. Siku tatu nne za kulipia uwanja wa kurudisha nyuma, hizo sawa, na utazihitaji.

Kama utarudia mtihani wa barabarani, uliza utafanyia lori la aina gani. Ukifanyia la gia za kujiendesha, leseni inawekewa kizuizi cha kutoendesha gia za mkono. Malori mengi mapya hayana klachi, kwa hiyo wengi hawajali, lakini kwa mnunuzi wa malori yaliyotumika kizuizi hicho kinafunga milango.

Kuhusu presha: daktari lazima awe kwenye orodha ya taifa ya FMCSA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia malori. Daktari wako wa kawaida huenda hayumo. Cheti kirefu kabisa ni cha miezi 24. Mwenye presha iliyotulia kwa dawa, chini ya 140/90, kwa kawaida hupewa mwaka mmoja. Ikisoma 180/110 au zaidi hupewi kitu hadi ishuke. Wengi hufeli kwa uzembe mdogo tu: wamekunywa kahawa mbili, wamepanda ngazi mbio, wamesahau dozi ya asubuhi. Fika nusu saa mapema, ukae umetulia, miguu chini, kibofu kitupu, na uwe na karatasi ya dawa zako na dozi zake kutoka kwa daktari anayekutibu. Ukimaliza, usidhani kazi imeisha: baada ya siku chache omba tena rekodi yako uone kama cheti kimeingia.

Sasa yaliyobadilika. Uliondoka wakati logibuku ya karatasi ndiyo kwanza inazikwa. Sheria ya ELD, kifaa cha elektroniki kinachorekodi saa za kuendesha, ilianza tarehe 18 Desemba 2017, na msamaha wa vifaa vya zamani ukaisha Desemba 2019. Saa zenyewe unazijua: kuendesha saa 11 ndani ya dirisha la saa 14 tangu uanze kazi, baada ya mapumziko ya saa 10, na saa 70 za kazi kwa siku 8. Yaliyoongezeka mwishoni mwa Septemba 2020 ndiyo yatakayokusaidia. Mapumziko ya dakika 30 sasa yanahesabiwa baada ya saa 8 za kuendesha kwenyewe, na unaweza kuyapata ukiwa kazini ili mradi huendeshi, mfano unajaza mafuta au unasubiri kwenye ghati la kupakulia. Na yale mapumziko 10 unaweza kuyagawa 7 na 3: angalau 7 kitandani, mengine angalau 2 popote, jumla zifike 10, na vipande vyote viwili havili dirisha lako la 14. Jifunze kugawa hivyo kabla hujaingia barabarani. Ghala likikukalisha saa tatu na nusu na wewe umelala kitandani, umekwisha kupata kipande kimoja, na alasiri yako imeokoka. Asiyejua hesabu hiyo hulala njaa nje ya geti huku saa zake zimekwisha.

Kilichokufa ni ule ujanja wa kalamu. Dirisha la 14 linakwenda hata ukikaa, kifaa kinajua gurudumu lilizunguka lini. Matokeo yake maegesho ya usiku yamekuwa vita: tafuta nafasi kuanzia saa ya tisa ya kuendesha, usingoje ya kumi na moja. Na ukinunua ELD, angalia kwanza orodha ya FMCSA ya vifaa vilivyofutwa. Vya bei ya kutupa vinafutwa mara kwa mara, na anayevitumia hupewa muda mfupi wa kubadilisha.

Utakutana pia na Clearinghouse, hifadhidata ya taifa ya vipimo vya dawa za kulevya na pombe, iliyoanza tarehe 6 Januari 2020. Hakuna mwajiri atakayekuweka kwenye lori bila kukuangalia humo, na wewe lazima ujisajili ndipo utoe ruhusa. Tangu Novemba 2024 aliye na alama ya kuzuiwa humo anashushwa CDL na jimbo. Jisajili leo, kujisajili dereva halipi. Na tangu tarehe 25 Juni 2025, askari wa barabarani akiona dereva hawezi kusoma alama na kuzungumza Kiingereza cha kazi, anamweka nje ya huduma hapo hapo. Wewe uliyeendesha miaka 11 halikutishi, ila soma upya maneno ya zile mbao za umeme za barabarani, ndipo wengi wanapokwama.

Tufike kwenye mfupa. Shida yako haipo mikononi. Mwili hausahau kupinda trela. Shida ni kwamba kampuni za bima zinasoma karatasi, na nyingi zinataka miaka miwili ya uzoefu unaothibitika *ndani ya miaka mitatu iliyopita*. Miaka yako 11 kwao imefutika. Ukifungua MC leo, nyingi zitakukataa, na itakayokubali itakupa bei ya kukufilisi. Hata ile kampuni ya asilimia 75 inapeleka jina lako kwa bima yake, na unaweza kuambiwa hapana baada ya kuwa umeshanunua lori. Ndiyo maana wanaokuhimiza uanze na MC wanakupeleka kinyume.

Mpangilio ninaouamini ni huu: ajiriwa kwanza kama dereva wa kampuni, miezi 6 hadi 12. Kampuni kadhaa kubwa zina mafunzo ya kuwarudisha waliokaa nje, wiki moja hadi nne na mkufunzi, halafu unapewa lori lao. Mshahara hautakufurahisha. Lakini uzoefu wa karibuni unarudi kwenye karatasi, unakosea kwa matairi ya mtu mwingine, unaona bei za mizigo za sasa, na zile dola 41,000 zinakaa benki zikiongezeka. Hilo ndilo jibu la mama watoto pia: kwa mwaka huo mtaishi na mshahara. Kwenye fomu ya kazi utaulizwa historia ya miaka 10. Andika ghala, tarehe na simu, weka na fomu za W-2, zile za mshahara wa mwaka. Pengo lisiloelezwa linatia shaka kuliko pengo refu.

Baada ya hapo ingia na lori lako chini ya MC ya kampuni, mwaka mmoja au zaidi, ndipo ufikirie yako. Mkataba wa namna hiyo unalindwa na kanuni za shirikisho, 49 CFR sehemu ya 376, na hapa usisaini kabla hujaona mambo haya kwa maandishi. Malipo yaje ndani ya siku 15 baada ya kuwasilisha karatasi za safari. Ukilipwa kwa asilimia, una haki ya nakala ya ankara inayoonyesha mteja alilipa ngapi. Makato yote yatajwe mkatabani, na kila moja lioneshe limehesabiwaje. Fedha ya dhamana wanayokushikia irudi ndani ya siku 45 baada ya mkataba kwisha. Na hawawezi kukulazimisha kununua kitu au huduma kwao kama sharti la mkataba.

Hiyo asilimia 75, uliza ni ya nini. Kampuni moja inahesabu ya malipo yote pamoja na nyongeza ya mafuta, nyingine inatoa nyongeza ya mafuta kwanza, nyingine inatoa "gharama za ofisi" juu ya hapo. 75 ya kwanza na 75 ya tatu hazifanani hata kidogo. Uliza pia nani analipa trela, bima ya mzigo, sahani za namba na ELD. Waombe taarifa za malipo za wiki nne mfululizo za lori moja, majina yakiwa yamefutwa. Anayekataa amekujibu.

Ya kodi-ununue achana nayo. Haina ukaguzi wa mkopo kwa sababu haihitaji uwe mtu wa kulipa: ukishindwa mwezi wa kumi na nne, lori linarudi uwanjani kwao na wanampa mwingine, nawe huna ulichomiliki. Anayekukodisha ndiye anayekugawia mizigo, kwa hiyo wiki anayotaka ushindwe anajua pa kukubana. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali ya shirikisho kuchunguza mikataba hii kilimaliza Januari 2025 kikapendekeza ipigwe marufuku. Sijaona hoja ya kuwapinga.

MC yako itakapofika wakati wake, namba ya USDOT, ya kulitambulisha gari lako kwa serikali, ni bure na ombi la mamlaka ni dola 300 zisizorudi. Unahitaji wakala wa kupokea barua za mahakama katika majimbo (fomu BOC-3) na bima iliyowasilishwa na kampuni ya bima yenyewe. Sheria inataka dola 750,000 za dhima kwa mizigo ya kawaida, lakini mabroka, madalali wa mizigo, wanataka milioni moja, pamoja na 100,000 za mzigo. Siku utakayosajiliwa jina lako linaingia kwenye rekodi ya umma, na kabla ya jua kuzama utapigiwa simu na watu wanaojifanya serikali wakidai ada ya "kuhuisha DOT". Kuhuisha ni bure. Mabroka wengi hawatakupa mzigo hadi MC ifikishe siku 90 au miezi sita, kwa hiyo usihesabu mapato kamili ya miezi hiyo. Ndani ya mwaka wa kwanza kuna ukaguzi wa usalama, na kinachoangusha wamiliki wenye lori moja ni kitu kimoja kuliko vyote: hawana mpango wa vipimo. Ukiwa bosi na dereva ni wewe yule yule, lazima uwe ndani ya kundi la vipimo vya kushtukiza linaloendeshwa na mtu mwingine, uwe na kipimo safi kabla ya safari ya kwanza, na ujiangalie mwenyewe kwenye Clearinghouse kila mwaka. Inachekesha kujiandikia faili la ajira, lakini mkaguzi atalifungua.

Ushuru nitaupita haraka. Fomu 2290, kodi ya shirikisho ya magari mazito, ni dola 550 kwa mwaka kwa gari linalozidi pauni 75,000, ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata mwezi wa kwanza wa matumizi. IFTA, hesabu ya kodi ya mafuta kwa majimbo uliyopita, ni kila robo mwaka: 30 Aprili, 31 Julai, 31 Oktoba, 31 Januari. Kentucky, New Mexico, New York na Oregon zina kodi zao za uzito na umbali, na wageni huzisahau hadi mzani uwakumbushe. Kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3 kabla hata ya kodi ya mapato, basi tenga robo ya faida halisi kwenye akaunti nyingine kila wiki malipo yanapoingia.

Hesabu ndiyo inayotenganisha wanaobaki na wanaouza lori mwaka wa pili. Chukua daftari. Namba hizi ni za mfano, badilisha kwa zako. Gharama zinazokuja hata lori likilala, kwa mwezi: bima 1,500, kodi ya trela 900, vibali na sahani 200, maegesho 200, ELD na huduma nyingine 100, mhasibu 100. Jumla dola 3,000. Ukitembea maili 8,500, hizo ni senti 35 kwa maili. Kisha za barabarani: mafuta, tuseme dola 3.80 kwa galoni na lori linakwenda maili 6.5 kwa galoni, senti 58 na nusu. Matairi 5. Ushuru wa barabara na mizani 3. Matengenezo weka 20, na zitoke kwenye akaunti kila wiki hata kama hakijaharibika kitu. Mpaka hapo ni dola 1.22. Jilipe wewe dereva senti 65: 1.87.

Hapo wengi wanasimama wakaenda kutafuta mzigo wa 2.00 wakidhani wana faida. Ile 1.87 ni ya *kila* maili, yenye mzigo na tupu. Ukitembea mtupu asilimia 15, gawa kwa 0.85, inakuwa 2.20 kwa maili ya mzigo. Ukiuza ankara kwa kampuni ya faktoringi inayokata asilimia 3, gawa tena kwa 0.97: 2.27. Chini ya hapo unaendesha kwa kula matairi yako.

Na mzigo mmoja usiutazame peke yake. Broka anakupa Atlanta hadi Miami, maili 660, dola 1,650. Ni 2.50, tamu kabisa. Lakini uko maili 85 kutoka kwenye mzigo: sasa ni maili 745, dola 2.21. Florida inapokea mizigo mingi kuliko inayotoa, basi ukishusha Miami unapanda mtupu maili 235 hadi Orlando kutafuta cha kurudi nacho. Maili 980, dola 1.68. Ule mzigo ulikuwa hasara tangu ulipopokea simu, ila tu kama wa kurudi ungelipa wa kufidia, na mizigo ya kutoka huko kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini. Kabla hujasema ndiyo, jua utatokaje. Kwenye karatasi ya bei hakikisha imeandikwa malipo ya kusubirishwa yanaanza baada ya saa ngapi (wengi ni mbili) na kwa kiasi gani, na pale getini mwombe karani aandike saa ya kuingia na ya kutoka kwenye hati ya mzigo. Bila saa hizo hulipwi.

Sasa lori lenyewe. Dola 32,000 kati ya 41,000 zinakuachia 9,000, na hizo zinamezwa na malipo ya kwanza ya bima, sahani, 2290 na mafuta ya mwezi wa kwanza kabla mzigo wa kwanza haujalipwa. Matatizo ya mfumo wa moshi peke yake yanaweza kuchukua maelfu ya dola kwa siku moja ya gereji. Usinunue lori kama baada ya kulilipia na kulisajili hubaki na 15,000 zisizoguswa. Hili la Ijumaa liache, lakini jifunze kulipima, kwa maana utakalonunua mwakani litafanana nalo.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye injini: ikiwa ya moto, ameficha jinsi linavyowaka baridi, rudi siku nyingine. Ingiza kidole ndani ya mdomo wa bomba la moshi ukizungushe. Lori lenye chujio zima la masizi, DPF, huacha bomba safi, la kijivu. Kidole kikitoka cheusi, chujio limepasuka au limetolewa, na kulitoa ni kinyume cha sheria ya shirikisho ya hewa safi, unanunua kesi. Liwashe, liache lipate joto, kisha fungua kifuniko cha kumiminia oili, kigeuze juu chini ukilaze juu ya tundu bila kukifunga. Kutikisika kidogo si neno. Kikirushwa pembeni na moshi ukapanda kama birika, injini inapumua: ringi au silinda zimechoka, na maili 718,000 ni umri wa hilo. Tazama tangi la maji ya rejeta: mapovu yasiyokoma au utando wa mafuta ni gesi ya silinda au oili inayopita isipotakiwa.

Halafu lipia gereji isome kompyuta ya injini. Tafuta saa za injini. Gawa 718,000 kwa saa hizo. Ikiwa ni saa 18,000, wastani ni maili 40 kwa saa, lori limetembea barabara kuu. Ikiwa ni 26,000, ni chini ya 28: lilisimama likiunguruma usiku kucha, miaka, na kusimama hivyo ndiko kunakojaza masizi kwenye DPF na vali za EGR, zinazorudisha moshi kwenye injini. Angalia mara ngapi limelazimishwa kuchoma masizi likiwa limesimama, na kama koodi zimefutwa majuzi. Koodi zikiwa zimefutwa, liendeshe saa nzima kabla ya kusoma tena, zitajirudia. Uliza risiti ya kusafishwa kwa DPF. Chota sampuli ya oili ipelekwe maabara, gharama yake ni ndogo: silikoni ikiwa juu, vumbi linaingia, sodiamu au potasiamu, maji ya rejeta yamo kwenye oili, shaba na risasi pamoja, beringi za kranki. Muulize amebadilisha oili lini, kwa sababu oili ya jana haina siri.

Chini, inua ekseli ya mbele na utikise gurudumu kwa mtaimbo, juu na chini, uone kingipini, pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, kama zimelegea. Matairi ya mbele kisheria yasipungue 4/32 ya inchi kina cha meno, mengine 2/32. Kwa upepo: injini imezimwa, breki zimeachiwa, kichwa na trela kwa pamoja visipoteze zaidi ya psi 3 za shinikizo kwa dakika, ukikanyaga breki ukashikilia, zisizidi 4. Lori la 2016 linaruhusiwa California, ambako tangu 2023 zinatakiwa injini za 2010 kuja juu. Kwa hiyo atakayekuuzia lori lenye injini ya kabla ya 2000 ili ukwepe ELD, msamaha huo ni wa kweli, lakini anakufungia jimbo zima.

Muuzaji wa Ijumaa mpigie leo. Mwambie unaweza kuweka dipoziti ndogo kwa maandishi yanayosema inarudi yote ikiwa ripoti ya kompyuta, sampuli ya oili, au idhini ya bima yako itakataa. Idhini ya bima hujaipata na hutaipata wiki hii, kwa hiyo akikubali, hujapoteza kitu. Akisema kuna mtu mwingine analitaka, mwachie huyo mtu.